Vidonge vya Kopo Moja

Cherehani ya Fundi ilianza kulia saa moja asubuhi. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na sare za watoto zilirundikana mezani mpaka zikaziba nusu ya dirisha. Fundi alishona kola, akakata uzi kwa meno, akatupa shati kikapuni, akachukua jingine. Mikono yake ilikuwa na haraka lakini haikukosea. Kilichokosea ni mguu. Mguu wake ulikanyaga pedali hata pale ambapo hapakuwa na nguo chini ya sindano, na cherehani ikakimbia bure kama mtu anayesema peke yake.

"Fundi!" mume wake aliita kutoka uani. "Leo unashona hewa?"

"Nashona mawazo yangu. Wewe gonga mabati yako."

Mume wake alikuwa mtengenezaji wa mafriji, na mtaa mzima ulimwita Baridi. Mafriji ya watu yalifika kwake yakiwa maiti, yakaondoka yakinguruma. Friji la nyumbani kwake, hata hivyo, lilikufa miaka miwili iliyopita na bado lilisimama pembeni mwa chumba. Fundi alikwisha kata tamaa nalo. Akaligeuza kabati. Vitambaa vya khaki vilikaa rafu ya juu, vya maua rafu ya chini, na zipu zilipangwa mahali pa mayai.

Baridi alipoanza kugonga tena, Fundi alisimama. Alivuta pazia. Alivua tepu ya kupimia iliyoning'inia shingoni, akaizungusha tumboni mwake.

Sentimita themanini na tisa.

Alifungua daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa mwisho. Jana: themanini na tisa. Juzi: themanini na nane. Alipima tena, huenda tepu iliteleza. Themanini na tisa. Akapima mara ya tatu. Kisha akaketi, akasimama, akaketi tena. Mimba ilikuwa na wiki ishirini na sita, na kila siku Fundi alijiuliza swali lile lile: je, huyu naye anakuwa mkubwa mno?

Maana wa kwanza alikuwa mkubwa. Alizaliwa katika zahanati ndogo, miaka mitatu iliyopita, akiwa na kilo nne na nusu. Alitoka kwa shida, bega likakwama. Lakini alipotoka, wote walishangilia. "Dume hilo!" walisema wanawake wa wodi, wakapokezana kumbeba. Jioni ile mtoto akaanza kutetemeka. Akakataa ziwa. Muuguzi alimtazama, kisha akauliza, "Mama, wewe una sukari?"

Fundi alimtazama mama yake. Mama yake alitazama sakafu.

"Hapana," Fundi akajibu.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, mtoto alinyamaza. Tangu siku hiyo jibu lile fupi lilikaa kooni mwa Fundi kama mfupa wa samaki. Halikushuka wala halikutoka.

Jibu hilo lilikuwa la uongo. Fundi alikuwa na kisukari tangu akiwa na miaka ishirini na mbili. Mama yake alikuwa nacho. Mjomba wake, aliyekuwa kinyozi, alikuwa nacho. Bibi yake aliondoka nacho. Wote walikuwa wembamba kama fito, na wote walikipata wakiwa vijana. Katika ukoo hawakukiita ugonjwa. Walikiita "mambo yetu". Na mambo yao yalitunzwa ndani ya kopo la biskuti lililokaa chumbani kwa mama, nyumba ya tatu kutoka kwa Fundi.

Ndani ya kopo kulikuwa na vidonge vyeupe vya kushusha sukari. Mama ndiye aliyevinunua na ndiye aliyevigawa. Yeye alimeza kimoja asubuhi. Mjomba alipita akielekea kwenye duka lake la kunyolea, akachukua chake. Fundi alipewa nusu. Hakuna aliyekuwa na kadi wala daktari. Na sheria ya ukoo ilikuwa moja: mambo yetu hayaandikwi kwenye kadi ya kliniki. Ukiandikwa tu, utadungwa sindano. Na bibi, walikumbushana, alidungwa Jumatatu akazikwa Alhamisi.

Siku ya kliniki ndiyo iliyokuwa ngumu. Wajawazito walipimwa damu kidoleni. Basi mama akamfundisha Fundi dawa yake: "Asubuhi ya kliniki usile kitu. Meza viwili vizima badala ya nusu. Damu itakuwa safi kama maji, watakuacha."

Mara mbili hila hiyo ilifaa. Ya tatu ilikuwa kesho yake.

*

Foleni ya kliniki ilikuwa ndefu. Fundi alikaa kwenye benchi karibu na mizani. Alikuwa amemeza vidonge viwili saa kumi na mbili, juu ya tumbo tupu. Saa tatu ilipofika, mikono ilianza kutetemeka. Akaificha ndani ya kanga. Jasho likamtiririka mgongoni, ingawa asubuhi ilikuwa ya ubaridi.

"Dada, u mzima?" mwanamke aliyekaa karibu naye aliuliza.

"Mzima kabisa," alisema Fundi. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali, kama inatoka chumba cha pili. Alitaka kusimama. Benchi likapanda, sakafu ikapanda, na watu wote wakawa dari.

Alipofumbua macho, alikuwa kitandani. Mkunga alimshika kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alimnywesha maji yaliyokuwa matamu mpaka yakamkereketa koo.

"Kunywa. Polepole. Umalize. Vijiko vinne vya sukari nimeweka, usiniachie hata tone."

Mkunga huyo alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikaa mtaa mmoja na Fundi. Fundi alikuwa amemshonea magauni mawili. Baada ya robo saa alimpima tena kidoleni.

"Ulipoanguka ilikuwa mbili nukta tatu," alisema. "Hiyo ni sukari ya kumzimisha mtu. Sasa imefika nne nukta sita. Kula mkate huu." Alivuta kiti, akaketi. "Sasa niambie. Umemeza nini?"

"Sijameza kitu."

"Fundi. Sukari ya mtu mwenye afya haidondoki hivyo kwa kukosa chai. Kuna kitu kimeisukuma."

Fundi alitafuna mkate. Mguu wake ulikanyaga hewa ukingoni mwa kitanda, upesi upesi. Mkunga aliutazama mguu ule, akaweka mkono juu ya goti lake. Na labda ni ule mkono uliofungua kinywa. Fundi alisema yote: kopo, nusu kidonge, viwili vya asubuhi ya kliniki, mtoto wa kwanza, na lile jibu la uongo.

Alipomaliza, alifunika uso. "Nilimuua, sivyo?"

"Hapana," alisema Mkunga. "Hukujua jibu lile lina uzito gani, na mtu hahukumiwi kwa asilolijua. Sitakudanganya pia kwamba najua kilichomchukua, kwa sababu hakupimwa. Lakini mtoto wa mama mwenye kisukari huweza kushuka sukari mara tu anapozaliwa. Tukijua mapema, tunampima na kumlisha, na akihitaji tunamwekea dripu. Tusipojua, tunabaki kusifia kilo zake."

"Sasa huyu?"

"Huyu bado yumo, na wewe umo, na wiki zipo. Tufanye kazi." Mkunga alichukua karatasi na kalamu. "Kwanza lishike hili. Kipimo cha kliniki si mtihani wa shule. Hapa hakuna anayefaulu wala anayefeli. Ukinidanganya kipimo, ni sawa na mteja anayevuta tumbo ndani ukimpima. Gauni utamshonea, lakini litamtosha nani?"

Fundi alicheka kidogo huku machozi yanamtoka. Wateja wa namna hiyo aliwajua kwa majina.

Mkunga akaanza kuuliza. Nani mwingine ana sukari? Upande wa baba au wa mama? Alianza na miaka mingapi? Alikuwa mnene au mwembamba? Anatumia nini? Kila jibu alilichora: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume, mstari kati ya mzazi na mtoto. Wenye sukari aliwapaka wino. Mchoro ulipokwisha, wino ulishuka kutoka kwa bibi hadi kwa mama na mjomba, kutoka kwa mama hadi kwa Fundi, bila kuruka kizazi.

"Unaona?" alisema Mkunga. "Kisukari kinachojulikana zaidi huwapata watu wazima, mara nyingi wenye uzito mkubwa. Kipo kingine kinachowapata watoto, nao huhitaji insulini tangu mwanzo. Chenu hakifanani na vyote viwili. Vizazi vitatu mfululizo, vijana, wembamba, na nusu kidonge inatosha. Kipo kisukari cha kurithi cha namna hii. Si mimi wa kukithibitisha. Nakuandikia barua ya hospitali kubwa, na unakwenda kesho."

"Wakinidunga?"

"Wakikudunga, nitakueleza kwa nini. Lakini usiache wala usimeze kitu tena kwa shauri la kopo. Nampigia daktari simu sasa hivi, tujue usiku wa leo utumie nini." Alinyoosha mkono. "Na hiyo tepu shingoni? Kumbe unapima tumbo?"

"Kila siku. Naizungusha hivi."

"Hapo unapima gauni." Mkunga alimlaza, akashika tepu, akaipandisha kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya mji wa mimba. "Sisi tunapima kimo. Wiki ishirini na sita, kimo kinapaswa kukaribia sentimita ishirini na sita. Wewe una ishirini na nane. Kakua kidogo mbele ya wiki zake. Hajapita mipaka, ila ametuashiria."

*

Daktari wa hospitali kubwa aliutazama mchoro wa Mkunga kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama Fundi. Kisha akamwangalia macho kwa taa, akapima figo kwa mkojo, akampeleka kupigwa picha ya mtoto tumboni, akatoa damu.

"Chupa hii moja inakwenda kwenye maabara ya mbali," alieleza. "Itatafuta kasoro katika vinasaba. Vinasaba ni maagizo ambayo mwili hupokea kutoka kwa wazazi. Wewe ni mshonaji. Fikiria karatasi ya kukatia nguo. Karatasi ikiwa na kosa begani, kila gauni litakalokatwa kwayo litakuwa na kosa begani. Kila mtu ana karatasi mbili, moja ya mama na moja ya baba. Mtoto humpa moja tu kati ya hizo mbili."

"Kwa hiyo mtoto wangu atairithi?"

"Ni sawa na kurusha sarafu. Nusu kwa nusu. Na kila mimba, sarafu hurushwa upya. Lakini hatungoji majibu ya maabara ndipo tukutibu. Hadithi ya ukoo wako inatosha kuanza."

Daktari alieleza kuhusu vidonge. Kwa kisukari cha namna hii, alisema, vidonge vile ni dawa nzuri, na ndiyo maana kiasi kidogo kilimtosha Fundi, na viwili vikamwangusha. Lakini ndani ya mimba mambo hubadilika. Kidonge hupita kwenye kondo la nyuma kikamfikia mtoto. Kikimfikia, humsukuma naye atoe insulini nyingi, naye hunenepa kupita kiasi, na akizaliwa sukari yake huporomoka. Insulini ya sindano haimfikii mtoto. Inabaki kwa mama na kufanya kazi yake huko.

"Kwa hiyo nataka tubadilishe," alisema. "Insulini mpaka ujifungue. Baadaye tutaona kama utarudi kwenye vidonge vyako. Vyako, si vya kopo."

Fundi aliporudi nyumbani na mfuko wa dawa, alimkuta mama yake mlangoni. Habari zilikuwa zimemtangulia. Mjomba Kinyozi naye alikuwepo, bado amevaa koti lake jeupe lililojaa vipande vya nywele.

"Hiyo ni nini?" mama aliuliza.

"Insulini, Mama."

Mama aliketi kwa kishindo juu ya rundo la sare. "Basi. Umekubali. Mama yangu alidungwa Jumatatu..."

"Alhamisi tukamzika," Mjomba akamalizia. "Mimi, miaka kumi na tano kidonge cha dada, nani kanidhuru? Nitazame!"

"Tunakutazama, Mjomba," alisema Baridi kutoka mlangoni, mikono ina grisi. "Tatizo ni wewe, wewe ndiye hutuoni. Juma lililopita nimetoka kwako sikio la kushoto lina msitu na la kulia lina jangwa."

"Taa ya duka ni mbovu!"

"Taa nilikufungia mimi, na ni mpya."

Fundi aliweka mfuko mezani, akauondoa, akauweka juu ya cherehani, akauondoa tena. Hakuna mahali palipomridhisha. Alitoka, akavuka njia, akarudi na Mkunga, ambaye alikuwa bado na mwiko mkononi.

"Shikamoo, Mama," Mkunga alimsalimu mzee.

"Marahaba. Umekuja kuniulia mwanangu."

"Nimekuja kuuliza swali moja tu, halafu nirudi kwenye sufuria yangu. Siku ile Jumatatu, marehemu bibi alipofikishwa hospitali, alikuwaje?"

"Hakuwa na fahamu. Pumzi inamkimbia."

"Na kabla ya hapo aliumwa kwa muda gani?"

"Wiki tatu. Mguu ulikuwa na kidonda. Tulikuwa tunamficha."

"Mama," alisema Mkunga kwa upole, "watu wa zimamoto wakifika nyumba ikiwa imebaki majivu, hatusemi ni maji yaliyoichoma. Insulini haikumuua bibi. Ilichelewa kumfikia."

Hata Mjomba aliacha kupangusa koti. Mama alitazama sakafu, vile vile alivyoitazama siku ile wodini, na Fundi akaona kwamba mama naye alikuwa na mfupa wake kooni.

Ni Baridi aliyesema. "Mimi nilijua kuhusu kopo. Mtoto alipokuwa anatetemeka nilikuwa nimesimama nje, dirishani. Nilisikia swali la muuguzi, nilisikia na jibu, nikanyamaza. Nikasema ni mambo ya ukoo wa mke wangu, mkwe hana sauti." Alifuta mikono, lakini grisi haikutoka. "Safari hii sinyamazi. Mkunga, hiyo dawa inakaa wapi?"

"Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi joto mbili hadi nane. Isigande. Ikiganda, imeharibika. Inayotumika inaweza kukaa nje, mahali pasipo joto wala jua, kwa wiki nne hivi."

Wote waligeuka wakalitazama friji lililojaa khaki.

"Usinitazame hivyo, Mama," alisema Baridi kwa mkwewe.

"Miaka miwili, baba," alijibu mama. Ilikuwa mara ya kwanza mchana ule kutabasamu. "Miaka miwili zipu zinakaa mahali pa mayai."

Kabla ya magharibi vitambaa vilikuwa kitandani, na Baridi alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya friji. Lilikohoa, likatetemeka, likanguruma. Aliweka kipimajoto ndani na kukitazama kila nusu saa kama mtu anayechemsha maziwa. Kiliposimama kwenye nyuzi tano, ndipo alipoiweka dawa rafu ya kati, mbali na sehemu ya kugandisha.

Mkunga alimwonyesha Fundi sindano yenyewe. Ilikuwa fupi, nyembamba kuliko ile ya kushonea hariri. Fundi alibana ngozi ya paja, akafumba macho, akajidunga.

"Bado?" aliuliza.

"Umekwisha maliza."

"Ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hiyo tu iliyowatisha miaka yote," alisema Mkunga.

*

Wasiwasi haukuondoka siku moja. Ulibadilisha kazi. Ukurasa wa mwisho wa daftari, uliokuwa na vipimo vya tumbo, sasa ulikuwa na safu za sukari. Asubuhi kabla ya kula, daktari alitaka isizidi tano nukta tatu. Saa moja baada ya kula, isizidi saba nukta nane. Mkunga alisema apime mara nne kwa siku. Fundi alipima mara tisa.

"Kidole nacho kina haki zake," Mkunga alimwambia. "Ukikitoboa hivyo utashonea nini?"

Alijifunza kula kidogo na mara kwa mara. Sahani alijaza mboga nusu, maharage au samaki robo, na wanga robo. Alitembea kila alasiri hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Katika mfuko wa aproni alibeba pakiti ya sukari, na wote nyumbani walijua: akitetemeka, akitoka jasho, au akianza kusema ovyo, apewe sukari kwanza, maswali baadaye.

"Kusema ovyo tutajuaje?" Baridi aliuliza. "Hiyo si dalili, hiyo ni tabia."

Fundi alimrushia kibweta cha uzi.

Baada ya kila wiki chache alikwenda kwenye picha. Kimo cha tumbo kikaanza kulingana na wiki. Wiki ya thelathini na nne majibu ya maabara yakarudi. Kasoro ilipatikana, pale pale daktari alipodhani. Mama alisikia. Kesho yake, bila kumwaga maneno, alimshika kaka yake mkono wakaenda kliniki. Walirudi na kadi mbili, kila mmoja na dawa yake na jina lake juu ya pakiti. Mjomba aliambiwa macho yameanza kuharibika, ila bado yanaweza kuokolewa. Alifunga duka siku mbili akatibiwa, na mtaa mzima ukashukuru.

Kopo la biskuti mama alilileta kwa Fundi. Lilikuwa limeoshwa. "Weka vifungo," alisema, akatoka haraka.

*

Mtoto alizaliwa hospitali kubwa, siku iliyopangwa. Msichana, kilo tatu na gramu mia mbili. Hakuna aliyepiga kelele kuhusu uzito wake. Alilia, akawekwa kifuani, akanyonya ndani ya saa ya kwanza. Kabla ya kila mnyonyo muuguzi alimtoboa kisigino, akaangalia tone la damu, akaandika. Mara moja sukari ilishuka kidogo. Wakamlisha, ikapanda.

Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili ikafika.

Tangu adhuhuri Fundi hakuiacha saa ya ukutani. Saa saba. Saa nane. Alimfunua mtoto, akamfunika. Alimgusa pua. Aliuliza kama anatetemeka, akaambiwa hapana, akauliza tena. Chini ya shuka mguu wake ulikanyaga pedali isiyokuwepo. Mama alikaa ubavuni mwa kitanda, naye anaitazama saa ile ile. Baridi alisimama dirishani, mahali pale pale pa mwanamume aliyenyamaza, lakini ndani ya chumba.

Saa tisa kasorobo zamu ilibadilika. Muuguzi mgeni aliingia na faili mkononi, kijana, mwenye haraka.

"Habari za mchana. Nataka kuhakikisha kabla sijampima mtoto," alisema. "Katika ukoo, kuna mtu mwenye sukari?"

Fundi alifungua kinywa. Mama akamtangulia. Alisimama, akamtazama muuguzi usoni.

"Mimi," alisema. "Na kaka yangu. Na marehemu mama yangu. Na huyu binti yangu. Ni ya kurithi. Andika, mwanangu. Andika wote."

Muuguzi aliandika. Kisha akashika kisigino kidogo, akatoboa. Mtoto alipiga ukelele uliofika mwisho wa korido.

"Tatu nukta sita," alisema muuguzi. "Nzuri. Mnyonyeshe, ana hasira ya njaa."

Mtoto alilishika ziwa kwa nguvu. Mshale wa saa uligusa tisa, ukaipita. Fundi hakuuona. Alikuwa anautazama uso ule mdogo unaofanya kazi, mashavu yakiingia na kutoka. Ni Baridi aliyegundua, akiwa pale dirishani, kwamba shuka lilikuwa halichezi tena. Mguu wa mke wake ulikuwa umetulia.